Glavu za Dada

Bibi yangu wa Iringa hakuwahi kuuona uvimbe ule. Nilipomwonyesha picha ya mpwa wangu kwenye simu, shavu la kushoto limejaa mpaka jicho limesukumwa, aliuliza tu: "Wamekaa Kyela miaka mingapi?" Nilidhani ni yale maneno ya watu wa juu, kwamba ukishuka bondeni unafuata magonjwa. Nasoma uzamili wa historia. Nimefundishwa kutoamini haraka. Bibi alikuwa na hoja.

Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alitoka na wenzake wawili kwa gari kuukuu. Kwa wiki 10 walipita hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika wakiuliza kama wanawaona watoto wenye taya lililovimba hivi. (Alikuwa na jicho moja, jingine lilipotea utotoni.) Karibu na ikweta, juu ya futi 5,000 hivi, uvimbe haukuonekana, na kusini zaidi mpaka huo ulishuka. Ulifuata joto na mvua, njia ile ile ya malaria. Iringa iko juu. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ina mita 500 hivi.

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo Burkitt akajaribu dawa. Mojawapo ni hii aliyotundikiwa mpwa wangu Mbeya, saiklofosfamidi. Ukoo wake ni gesi ya haradali, silaha ya Vita Kuu ya Kwanza. Inaingia mwilini ikiwa imelala, ini ndilo linaiamsha, kisha inafunga pamoja nyuzi mbili za DNA ili seli isiweze kugawanyika. Seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo ndiyo inayomvimbisha mtoto, na ndiyo inayozifanya seli zife kwa wingi dawa ikifika. Siku ya nne jicho la mpwa wangu lilikuwa limerudi mahali pake.

Hapo ndipo tulipojisahau. Asubuhi moja nesi alimkuta dada kwenye karo akifua shuka lililokojolewa, mikono mitupu.

"Mama, wewe si mjamzito?"

"Miezi mitano."

"Acha hilo shuka. Acha sasa hivi."

Hakuna aliyekuwa ametuambia. Mkojo na matapishi ya mgonjwa hubeba dawa kwa siku mbili hivi baada ya dozi, nayo haichagui seli ya nani inagawanyika. Aliyeko tumboni hafanyi kazi nyingine ila hiyo. Nikavaa glavu, nikafua mimi, peke yake, mara mbili.

Mabaki ya dawa huchubua kibofu mpaka mtu akojoe damu, kwa hiyo mtoto alipaswa kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, hata usiku. Chembe nyeupe za damu nazo hushuka. Homa ikipanda ni kurudi hospitali saa hiyo hiyo, si kumpa Panadol mkasubiri kukuche. Nililala na kipimajoto chini ya mto.

Dada alijifungua salama mwezi wa tatu. Bibi hupiga simu kila jioni, na hata sasa, mpwa wangu akiwa amemaliza mizunguko yote, kabla ya salamu huuliza: "Amekojoa?"