Mchango, Akiba na Pensheni: Maneno ya Kupimia Maandalizi ya Uzee

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kilivyopata maneno ya kupimia fungu la mshahara ambalo mfanyakazi wa Tanzania huliweka kwa ajili ya uzee wake. Swali ni jepesi kulitamka: katika kila shilingi mia nizipatazo, ngapi zinawekwa kwa ajili ya uzee? Ugumu umo katika neno "kiwango", ambalo limeachwa libebe mizigo mitatu kwa wakati mmoja.

Kabla ya mifuko ya kisheria, lugha ilikuwa na msamiati wa shukrani. Fundi alipomaliza kazi alipewa kilemba au kiinua mgongo, wala hakuna aliyeuliza asilimia, maana kipimo kilikuwa ukarimu wa mtoaji. Kiinua mgongo kimedumu maofisini kwa maana ya malipo ya mkupuo, na sisi twaliona kuwa neno zuri kuliko mengi yaliyoundwa kwa makusudi. "Akiba" ina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kifuatacho nyuma. "Pensheni" ilikuja kwa njia ya Kiingereza, na asili yake ya mbali ni neno la Kilatini la kupima kwa mizani.

Mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulipoundwa kwa sheria mwaka 1964, jina lilisema kweli. Michango ya mfanyakazi na ya mwajiri iliwekwa kwa jina la mwanachama, ikaongezewa riba, kisha ikalipwa yote kwa pamoja. Hapo kiwango cha mchango na kiwango cha akiba vilikuwa kitu kimoja. Sheria ya mwaka 1997 iliugeuza mfuko huo kuwa wa hifadhi ya jamii, wenye kulipa pensheni ya kila mwezi. Mfumo ulibadilika, usemi haukubadilika: wanachama waliendelea kudai "akiba yangu", ilhali malipo yalikadiriwa kwa miezi ya kuchangia na kwa mshahara.

Tuchukue mtumishi wa umma mwenye mshahara wa shilingi 600,000. Kwa sheria ya mwaka 2018 yeye huchangia asilimia 5, yaani shilingi 30,000, na mwajiri asilimia 15, yaani shilingi 90,000. Je, kiwango chake ni 5 au 20? Majibu yote mawili ni sahihi, mradi tuseme ni kiwango cha nini. Tena, akitaka kuuhesabu mchango wa mwajiri kuwa pato lake, ni haki auongeze pia kwenye kigawanyo: 120,000 kwa 690,000 ni kama asilimia 17.4. Fedha alizoweka katika chama cha akiba na mikopo ataziingiza ikiwa tu amekusudia kutozigusa hadi astaafu. Za karo si za uzee, hata kama daftari ni moja.

Hata hivyo, hesabu hii hupima kinachotoka mfukoni, si kitakachorudi. Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2018, kanuni mpya za mafao zilipozusha malalamiko makubwa, na mwezi Desemba Rais John Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika. Katika baadhi ya mifuko ya awali, kila mwezi wa utumishi ulihesabiwa 1/540. Kanuni mpya ikaweka 1/580. Kwa miezi 360, pensheni kamili, kabla ya kutoa mkupuo, hushuka kutoka asilimia 66.7 ya mshahara unaokokotolewa hadi 62.1, bila kiwango cha mchango kuguswa.

Katika mjadala huo, "kikokotoo", jina la chombo cha kufanyia hesabu, lilichukuliwa na wafanyakazi kuwa jina la kanuni yenyewe, na limeshika. Hatuoni sababu ya kulipinga. Lakini katika fomu na hati za mishahara "kiwango" lisiandikwe peke yake: pawe na kiwango cha mchango, kiwango cha akiba na kiwango cha mafao, na kando ya kila kimoja patajwe mshahara uliotumika kugawanyia, kama ni ghafi au ni ule wa kupokea mkononi.