Habari za Kuuguza Wagonjwa Nyumbani, na Jinsi Kazi Hiyo Ilivyopata Sheria Zake

Habari za makanisa na za shule zina mashahidi wake, maana jiwe hukaa mahali lilipowekwa, na mwaka wake umechorwa juu ya mlango. Kazi nitakayoieleza haina jengo. Ni kazi ya kumwuguza mgonjwa nyumbani kwake, nayo hapa Nangara, kama katika Babati yote, ni ya zamani kuliko misioni yenyewe. Nataka kusimulia jinsi ilivyopata sheria, yaani kipimo cha kujua kama imetendwa vema au vibaya. Kwa kuwa kwa muda mrefu sana haikuwa na kipimo ila machozi ya mwuguzaji.

Hapo kale Mgorowa au Mwiraqw akishikwa na ugonjwa alilala kwake, akatunzwa na mama yake, au mkewe, au binti zake. Hata nchi hii ya Mbulu ilipofanywa Prefektura ya Kitume mwaka wa 1943, na Jimbo mwaka wa 1953, wagonjwa wengi walipona au kufa juu ya vitanda vyao wenyewe. Hakuna aliyeuliza kama wametunzwa vizuri. Kuuliza hivyo kungalikuwa kama kumtukana mwenye nyumba.

Mimi nalikuwa mtoto wa shule mama yangu mdogo alipoletwa kwetu mgonjwa. Tulimpenda sana. Tulimlaza chali mahali pasipo upepo, na kila aliyeingia alimfunika zaidi. Baada ya majuma machache mgongo wake ulifanya kidonda, nasi tukadhani ya kuwa ndio ugonjwa unaotoka nje. Hapana mtu aliyetuambia kwamba asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili damu ipate kupita katika nyama iliyolaliwa. Bibi aliosha kidonda kile kwa mikono mitupu, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa jembe. Vidonge tulipewa katika kipande cha gazeti, pasipo maandiko; kila asubuhi tulibishana kama ni viwili mara tatu au vitatu mara mbili. Alikufa siku ya mnada. Hata leo sijui kama tulimwuguza au tulimwongezea.

Walakini ujinga huu haukuwa wetu peke yetu. Huko Vienna, mwaka wa 1847, tabibu Semmelweis aliona kwamba wanawake waliojifungua walikufa kwa homa iliyoletwa na mikono ya matabibu wenyewe. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua sana, lakini wenzake wengi walimdharau. Mwaka wa 1859 Florence Nightingale alitoa kitabu chake cha uuguzi, nacho hakukiandikia hospitali kwanza, bali wanawake wauguzao nyumbani. Mwaka ule ule, katika mji wa Liverpool, tajiri William Rathbone alimwajiri mwuguzi aliyekuwa amemtunza mkewe mpaka kufa kwake, akamtuma kwenda katika nyumba za maskini. Hapo ndipo ujuzi ulipoanza kumfuata mgonjwa mlangoni kwake.

Kwetu Tanzania, mwaka wa 1973, vikundi vya watu vilikusanyika kando ya redio kwa masomo ya Mtu ni Afya, hesabu yao ikapata kama milioni 2. Walijifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Kuuguza hakukuwa ndilo somo lenyewe. Kilichotufundisha kuuguza ni msiba. Mwaka wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walijulikana Kagera, na kabla ya miaka mingi vitanda vya hospitali havikutosha. Watu wakarudishwa nyumbani, na nyumba hazikuwa tayari. WAMATA ilianzishwa mwaka wa 1989, na PASADA ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam mwaka wa 1992. Baadaye Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI ulitoa mwongozo wa huduma za nyumbani, na mwaka wa 2010 likatoka toleo jipya.

Sheria zenyewe ni ndogo ukizitazama. Mhudumu afundishwe kabla ya kutumwa, tena awe chini ya mwuguzi wa zahanati iliyo karibu. Awe na glavu. Damu ikimwagika, ipanguswe kwa dawa ya klorini. Ile iuzwayo dukani yenye nguvu ya 3.5%, sehemu moja huchanganywa na sehemu sita za maji, ikawa 0.5%. Dawa ziandikwe jina, kiasi na saa. Jambo likizidi uwezo wake, ampeleke mgonjwa, asione haya.

Maumivu yalipata dawa yake pia. Nairobi Hospice ilianza mwaka wa 1990, na mwaka wa 1993 Dkt. Anne Merriman akaanza kazi Kampala, akitumia mofini ya maji ya kunywa. Mwaka wa 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandikia wagonjwa. Dawa hiyo hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, huwekwa mahali pa kufungwa, na anayeinywa hupewa na dawa ya kulainisha choo, maana humfunga tumbo. Nimesikia wazee wakiiogopa kuliko kifo. Naona wamekosea, lakini asiyejua kuipima afadhali aiogope.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye mafunzo ya miezi sita. Ni neno jema. Hata hivyo mhudumu hupita na kwenda zake, na usiku hubaki kwa mwenye nyumba.

Juzi nalikwenda kumwona mama mmoja mzee hapa Nangara, aliyepooza upande. Mgongo wake ni mzima, hauna kidonda hata kimoja. Ukutani limetundikwa daftari la shule, na humo binti yake huandika kila saa aliyomgeuza. Nikalifunua. Usiku wa Jumapili mistari miwili ilikuwa mitupu, na yule binti akaniomba radhi, kana kwamba mimi ndiye mkaguzi. Nikamwuliza alala saa ngapi kwa siku. Akahesabu kwa vidole, akaacha katikati, akaenda kumgeuza mama yake, maana saa ilikuwa imefika.