Mahali Umeme Unapopozwa

Katika maneno yote ambayo Kiswahili kimeyapata kwa ujio wa umeme, hakuna linalonifurahisha na kunitia wasiwasi kwa wakati mmoja kama hili la kupoza. Waingereza walipohitaji jina la ule uwanja wenye uzio, kokoto, nguzo za chuma na mashine zinazonguruma usiku na mchana, waliuita kwa neno lenye maana ya kituo kidogo, yaani tawi la kituo kikuu kinachozalisha. Jina hilo linaeleza cheo, halielezi kazi. Sisi tuliuita kituo cha kupoza umeme. Aliyelitamka neno hilo kwa mara ya kwanza bila shaka alikuwa amepata kumtazama mama akimimina uji wa mtoto kutoka bakuli hili kwenda lile mpaka uwe wa kunyweka. Tena mitaani tayari tulikuwa na waya wa moto. Kilicho cha moto kinapozwa. Lugha ilifuata akili yake.

Furaha yangu ni hiyo. Wasiwasi unatokana na kwamba uji uliopozwa haumuunguzi mtu. Umeme ukiletwa na njia ya kilovolti 220 ukapozwa hadi kilovolti 33, bado ni volti 33,000, na ule wa kwenye taa yako, msomaji, ni volti 230 tu. Hauhitaji hata kuguswa, ukisogelewa huruka. Nimewaona vijana wakitaka kuruka uzio kufuata mpira, wakijiambia kwamba humo ndani umeme umekwisha poa. Kinachopunguzwa pale si joto bali ni msongo, ile nguvu inayousukuma umeme ndani ya waya kama maji yanavyosukumwa na uzito wa tangi lililo juu ya mnara.

Mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza: kwa nini basi upandishwe makali kwanza, halafu tuhangaike kuupoza? Jibu limo katika hesabu ndogo. Ukitaka kupeleka megawati 100 kwa msongo wa kilovolti 11, nyaya zako zitabeba kama ampea 5,250. Ukipeleka megawati hizohizo kwa kilovolti 220, zitabeba kama ampea 262, yaani sehemu moja ya ishirini. Na upotevu wa umeme njiani haufuati ampea moja kwa moja, bali ampea zikizidishwa kwa zenyewe. Kwa waya uleule, hasara inapungua mara 400. Bila kupandisha msongo, umeme wa mtoni ungeishia kupasha moto nyaya na kunguru wanaotua juu yake.

Chombo cha kupandisha na kushusha kilipatikana Ulaya katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba umeme unaobadilika katika koili moja unaamsha umeme katika koili nyingine isiyogusana nayo. Mwaka 1885, mjini Budapest, wahandisi watatu, Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma ya kufanyia kazi kwelikweli. Mafundi wetu huiita pia mashine umba, jina ambalo nalo lina utani wake, maana mashine hiyo haiumbi kitu. Inapokea na kutoa. Inachobadilisha ni uwiano wa msongo na ampea.

Nilifanya kazi ya zamu katika uwanja wa namna hii kwa miaka mingi, na mgeni aliyeingia kwa kibali nilimwonyesha kwanza chini, si juu. Zile kokoto si mapambo. Chini yake umezikwa wavu wa nyaya za shaba unaopeleka ardhini umeme uliokosea njia, na kokoto zenyewe humkinga anayetembea juu yake, maana hitilafu ikitokea, mguu mmoja unaweza kuwa mahali penye msongo mkubwa kuliko mguu wa pili. Kisha nilimwonyesha vikombe, yaani yale mafundo ya kauri yanayoshikilia nyaya. Vina mikunjo mingi ili mvua, vumbi na chumvi ya bahari visipate njia fupi ya kuunganisha waya na chuma cha nguzo. Halafu tulifika kwenye breka na aisoleta, na hapo nilikuwa sina haraka.

Watu wengi hudhani vitu hivi viwili ni kimoja, kwa kuwa vyote hufungua na kufunga njia. Tofauti yake ni uhai wa mtu. Breka inaweza kukata umeme ukiwa katika mwendo wake, kwa sababu cheche inayozaliwa wakati wa kukata inazimwa humo ndani kwa mafuta, kwa hewa iliyoshindiliwa, au kwa gesi katika breka za siku hizi. Aisoleta haina uwezo huo. Ni kisu cha shaba kilicho wazi hewani. Ukiifungua wakati umeme unapita, utavuta upinde wa moto wenye mwanga wa kupofusha, utakaokufuata mpaka ulipo. Basi ya nini? Ni kwa sababu breka inakatia gizani, ndani ya chungu chake, na fundi anayetaka kupanda nguzo hapaswi kuamini asichokiona. Breka hukata; aisoleta humwonyesha kwa macho kwamba pamekatwa. Ndipo waya huunganishwa na ardhi, kufuli hutiwa, na ufunguo hutundikwa. Nimekaa na simu mkononi usiku wa mvua, mwenzangu akiwa juu ya nguzo kilomita 40 kutoka nilipo, huku ufunguo wake ukining'inia ukutani mbele yangu. Sikuondoa macho kwenye ule msumari.

Vipo pia virelei, vyombo vidogo vinavyokaa ndani ya nyumba ya kuongozea na kupima kila kitu bila kuchoka. Vikiona ampea zimepanda ghafla, vinaiamuru breka ifunguke kabla binadamu hajageuza shingo. Wakati mwingine utii wao unashangaza. Tarehe 7 Juni 2016, katika kituo cha Gitaru nchini Kenya, tumbili mmoja aliangukia transfoma. Mashine ile ikajitoa, mzigo ukaelemea nyingine, nazo zikajitoa, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi nzima ikazimika. Tumbili alipona.

Sasa turudi kwetu, kwenye historia, kwa kuwa viwanja hivi vinaweza kusimulia mambo ambayo mabwawa hayasimulii. Umeme wa kwanza wa umma Dar es Salaam uliwekwa na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Hapakuwa na haja ya njia ndefu. Mashine na taa vilikaa mtaa mmoja. Mwaka 1931, katika utawala wa Waingereza, kazi ya umeme ilikabidhiwa kampuni mbili, TANESCO na DARESCO. Mwaka 1936 maporomoko ya Pangani yakaanza kutoa umeme, ukaenda Tanga na kwenye mashamba ya mkonge. Angalia ulikoshukia: kwenye mitambo ya mkonge na kwenye nyumba za mameneja. Mkata mkonge alirudi kambini kwa mwanga wa kibatari.

Baada ya Uhuru mambo yalikua. Mwaka 1964 kituo cha Hale, chenye megawati 21, kilianza kazi, na njia ya kilovolti 132 ikaja mpaka Dar es Salaam. Mwaka 1975 ukaja Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu: kwanza mashine mbili, na mwaka 1980 mbili nyingine, jumla megawati 204. Kwa nchi yetu ya wakati ule ilikuwa kazi kubwa mno, na nafsi yangu haikubali kuisema kwa dharau. Njia ya kilovolti 220 ilitoka Kidatu, ikapita Morogoro, ikaingia Ubungo, safari ya kama kilomita 300. Tangu hapo viwanda, hospitali na visima vya jiji zima vilipumua kupitia uwanja mmoja wa Ubungo. Gazeti liliposema umeme wa Kidatu umefika, lilimaanisha umefika huko.

Katikati ya kilomita hizo 300 kulikuwa na watu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilifuatana na kikosi cha kukagua njia katika Mkoa wa Morogoro. Tulipumzika chini ya mwembe wa bibi mmoja ambaye shamba lake la mahindi lilikuwa limekatwa vipande viwili na ukanda wa minara. Tulimwamkia, akaitikia marahaba na kutuletea maji. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huo umeme umo humo sasa hivi, au hupita usiku tu?"

"Umo sasa hivi, bibi."

"Ndiyo maana asubuhi za ukungu nyaya zinalia kama mtu anakaanga kitu. Na sisi mbona hatuuoni?"

Nikamweleza kama nilivyoweza: kwamba umeme ule ni mkali mno, lazima upozwe kwanza, na mahali pa kuupozea ni Morogoro mjini, kisha Ubungo. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni kama gari moshi," akasema. "Tunalisikia, lakini hapa si stesheni."

Sijapata kusikia mhandisi aliyeeleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Huwezi kuchomoa waya mdogo kutoka kwenye njia ya kilovolti 220 ukaupeleka kwenye nyumba 60. Utahitaji breka zake, aisoleta zake, virelei vyake, na transfoma inayostahimili msongo huo, vyote kutoka ng'ambo, na msongo haujali kama unawashia kijiji au mji: vikombe lazima viwe virefu vilevile na nafasi kati ya nyaya iwe ileile. Zaidi ya hayo, kila mlango unaofungua katika njia kuu ni mahali papya pa kuingilia hitilafu, na hitilafu ya kijijini ingeweza kulizima jiji. Hizo ni sababu za kweli, nami nilizitoa mara nyingi kwa moyo mweupe. Lakini ramani ya stesheni haichorwi na hesabu peke yake. Kilipojengwa kiwanda, uwanja wa kupoza ulipatikana. Palipokuwa na mahindi tu, minara ilipita.

Mfano uliopita mipaka uko kwa majirani zetu wa Kongo. Mwaka 1982 ilimalizika njia ya umeme kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi katika Katanga, nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili, ambayo wakati ule iliitwa Shaba. Urefu wake ni kama kilomita 1,700; ilipofunguliwa hapakuwa na ndefu kuliko hiyo duniani. Kusudi lake lilikuwa migodi ya shaba. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, usiogeukageuka, na mkondo wa namna hiyo hauwezi kupozwa kwa transfoma, maana transfoma huishi kwa mabadiliko. Unahitaji kituo kikubwa cha kuugeuza, na vilijengwa viwili tu, kimoja kila mwisho. Kwa vijiji vya katikati stesheni haikusahauliwa. Haikuwezekana tangu siku aina ya mkondo ilipochaguliwa. Baadaye watu walifungua vyuma vya minara wakavitumia kwa shughuli zao. Ni wizi, na ni hatari. Lakini ndicho kitu pekee ambacho njia ile iliwashushia.

Kwetu mambo yalisogea, polepole. Sheria ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, ambao ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za miti zimekwenda mahali ambapo zamani tusingeota. Ukipita leo barabarani utaona ajabu moja ambayo wasafiri wengi hawaitambui: njia ndogo ya kilovolti 33 inayopita chini ya njia kuu ya kilovolti 220, zikikatana. Umeme ulipita juu ya kijiji, ukaenda mjini kupozwa, kisha ukarudi nyuma makumi ya kilomita mpaka kwenye transfoma ndogo iliyotundikwa kwenye nguzo mbili, inayoushusha hadi volti 400 na 230. Tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji nalo linatuma umeme wake Chalinze, kwa kilovolti 400. Minara ni mirefu zaidi, na stesheni zake ni chache zaidi.

Ile transfoma ndogo ya kijijini imejaa mafuta, na hapa ndipo neno letu linapokuwa kweli tupu, kwa kuwa mafuta hayo kazi yake ni kupoza. Huchukua joto la koili na kulipeleka kwenye mapezi ya nje, tena huzikinga koili zisirushiane umeme. Wezi wameyapatia soko, katika Tanzania na Kenya: yamemwagwa kwenye injini za dizeli, na yapo yaliyouzwa kwa wakaangaji wa chipsi, ingawa ni mafuta ya jamii ya petroli, na katika transfoma za zamani yaliweza kuchanganywa na kemikali za sumu. Mtu hupanda usiku, akalegeza koki na kujaza madumu yake. Transfoma huendelea kufanya kazi ikiwa kavu, koili zinapata moto, karatasi zinazozifunika zinaungua, na baada ya muda kijiji husikia mlipuko mmoja. Asubuhi mashine ya kusaga imesimama, na akina mama wanaondoka na mahindi yao kichwani kutafuta kijiji kingine chenye umeme.