Njia ya Beki: Kutoka Kitai Kuifuata Barabara ya Kusini

Kitai ni njia panda. Barabara ya kutoka Songea inagawanyika hapa: mkono mmoja unashika Mbinga na kuteremka Mbamba Bay, mwingine unakwenda Lituhi, nako ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wapita njia wengi wanapajua kwa gereza. Mimi nilifuata hadithi ya mpira, ile inayosimuliwa vijiweni kwamba mabeki wa ziwa hili walishika njia ya Wenela, ile ya vibarua wa migodi, na kuishia kulipwa kwa kukaba Afrika Kusini. Wa ng'ambo walifika, husemwa, wa kwetu walibaki kwa sababu hawapendi kuhangaika. Hadithi tamu. Ushahidi wake uko wapi?

Nilianza na aliyefika, kwa kuwa huyo anathibitika. Ng'ambo ya ziwa, Malawi ilitwaa Kombe la CECAFA mwaka 1978 na tena 1979, kisha ikacheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1984 huko Ivory Coast. Kizazi hicho kilimtoa Jack Chamangwana, beki wa kati aliyehamia Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini na kupachikwa jina la "Africa". Beki wa Malawi, mshahara wa Johannesburg: nusu ya hadithi imesimama. Je, ni Wenela iliyompeleka?

Hapo tarehe zinagoma. Wenela lilikuwa shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu, na wazee wa kusini bado wanalitaja jina hilo kama jina la safari yenyewe. Upande wa Tanganyika mlango huo ulifungwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Upande wa Malawi, ndege iliyobeba wachimbaji ilianguka Francistown, Botswana, mwaka 1974, na serikali ya Malawi ikasimamisha uandikishaji. Ulipoanza tena, ulikuwa mdogo kuliko awali. Chamangwana alivaa jezi ya Chiefs miaka ya 1980. Kama treni ya migodi haikumbeba, ni nini kilichomfungulia mpaka?

Mbamba Bay mzee mmoja alinipa jibu la pili: "Mjukuu wangu, ng'ambo walikuwa na rafiki Pretoria, sisi tulikuwa na vita naye." Mzee alisema kwa mzaha, lakini kumbukumbu za nchi zinamuunga mkono. Malawi ilifungua uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini mwaka 1967. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuupinga utawala wa makaburu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Ziwa lenyewe liliingia kwenye mzozo: baada ya Nyasaland kuwa Malawi mwaka 1964, nchi hizo mbili zilianza kubishania mpaka na jina la maji hayo. Kijana wa Nkhata Bay, upande wa Malawi, na kijana wa Mbamba Bay walivua samaki ziwa moja, wakabeba pasi mbili tofauti. Lakini siasa inatosha kueleza kila kitu?

Haitoshi. Afrika Kusini ilifukuzwa FIFA mwaka 1976 na kurejeshwa 1992. Beki aliyekwenda huko katikati ya miaka hiyo aliingia ligi iliyotengwa na dunia. Kwa hiyo njia ya kusini haikuwa njia ya utukufu wa kimataifa hata kwa waliofunguliwa mlango. Ilikuwa njia ya riziki, na mgodi ulikuwa umekwisha kuzizoesha familia za Malawi kwamba mtoto anaweza kwenda Joni, yaani Johannesburg, akatuma pesa. Hapo ndipo Wenela inaporudi kwenye hadithi, kama mazoea ya safari na si kama gari. Na familia za Songea na Mbinga, zilizoea safari ipi?

Zilizoea kwenda upande mwingine. Tangu enzi za ukoloni, Wangoni na majirani zao walipakiwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Hili linavunja ile kauli ya "hawapendi kuhangaika". Mtu aliyetembea kutoka Ungoni kutafuta kazi ya kukata mkonge hawezi kuitwa mtu wa kukaa. Alihangaika sana, ila barabara yake ilielekea pwani. Basi mpira nao ulifuata barabara hiyohiyo?

Majina ya wachezaji yalinivuta kuamini hivyo. Kuna Abdi Banda, beki aliyetoka Coastal Union ya Tanga, akapita Simba, akahamia Baroka ya Limpopo mwaka 2017, kisha Highlands Park. Banda ni jina linalosikika sana pande za ziwa, na Tanga ndiko walikopelekwa manamba. Ingekuwa rahisi kuunganisha nukta hizo na kufunga makala. Niliacha. Jina la ukoo si cheti cha kuzaliwa, na beki anayetoka Tanga ni beki wa Tanga mpaka karatasi iseme vingine. Kama majina hayatoshi, ni kumbukumbu gani inayomtaja beki kwa uhakika?

Swali hilo ndilo lililonikwamisha zaidi. Kumbukumbu za mechi za zamani huandika matokeo na wafungaji. Ndiyo maana kila mtu anamkumbuka Sunday Manara, mshambuliaji anayetajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kulipwa kucheza Ulaya, aliyejiunga na Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970 na baadaye kucheza Dubai. Mtu aliyeosha mpira mara ishirini kabla ya bao moja la mshambuliaji hana mstari. Majimaji ya Songea, lango la asili kwa kijana yeyote wa Kitai, imo katika orodha za mabingwa: miaka ya 1980, na tena 1998. Kombe limeandikwa. Mabeki waliolilinda wameandikwa wapi?

Mfano mmoja unaonyesha ukubwa wa tatizo. Tarehe 16 Juni 2007, Taifa Stars iliifunga Burkina Faso 1–0 mjini Ouagadougou katika mechi ya kufuzu fainali za Afrika. Mfungaji alikuwa Erasto Nyoni, mtu wa nafasi za ulinzi, mwenye jina la ukoo linalojulikana sana Ruvuma, aliyepitia Vital'O ya Burundi kabla ya miaka yake mingi Azam na Simba. Siku ile beki aliingia kwenye kumbukumbu kwa kufanya kazi ya mshambuliaji. Je, mechi zote alizozuia bao zingemwingiza?

Tangu hapo njia zimeongezeka. Nadir Haroub "Cannavaro" wa Zanzibar alikwenda Vancouver Whitecaps ya Kanada kwa mkopo mwaka 2009. Shomari Kapombe alikwenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013 na kurudi mwaka uliofuata. Banda akaenda kusini. Ukizipanga safari hizo kwenye ramani, zote zinaanzia Dar es Salaam. Hakuna hata moja iliyovuka ziwa. Kijana wa Kitai anayetaka kucheza Limpopo lazima kwanza aupe mgongo mpaka ulio karibu naye, asafiri karibu kilomita 1,000 kuelekea pwani, aonekane huko, ndipo arudishwe kusini kwa ndege. Lami imefika Mbamba Bay. Kwa mchezaji imefupisha nini?

Chamangwana mwenyewe anatoa jibu la kejeli. Miaka ya 2000 aliingia Tanzania kama kocha wa Yanga. Beki aliyelelewa nchi ya ng'ambo, akalipwa Johannesburg, alifika nchi yetu kupitia Jangwani, yaliko makao ya Yanga, si kupitia gati la Mbamba Bay. Kwa hiyo nahukumu hivi: hadithi ya vijiweni ina ukweli kuhusu kusini na uongo kuhusu uvivu. Kilichowatenganisha vijana wa fukwe hizi mbili ni ruhusa na mazoea ya safari, na tofauti hiyo imefichwa kwa sababu mabeki hawakuandikwa. Kila mechi ya ligi ya wilaya Mbinga huanza na karatasi ya kikosi, namba mbili mpaka namba tano zikiwa na majina. Baada ya filimbi ya mwisho, karatasi hiyo anakaa nayo nani?