Nani Aliyempa Muonjaji Mamlaka? Bia Nyeusi, Kipimo na Dola

Fomu wanayojaza waamuzi wa mashindano ya bia waliofuzu chini ya mpango wa Kimarekani wa BJCP, ulioanza mwaka 1985, ina jumla ya alama 50. Harufu hupewa 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywaji mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeitambua mara moja, kwa maana ndivyo nasi tunavyosahihisha insha zao: tunalikata jambo lisilokatika, kila kipande tunakipa namba, kisha tunajumlisha kana kwamba ujumlisho huo ni ushahidi. Ninachotaka kukijadili hapa ni historia iliyoitangulia fomu hiyo, maana kila kipimo kina mwenyewe.

Tuchukue bia nyeusi kali ambayo watengenezaji wadogo wa Marekani na Ulaya wameifanya fahari yao tangu mwishoni mwa karne iliyopita, yaani stauti ya kifalme. Ni bia ya shayiri iliyokaangwa, huchachushwa kwa hamira inayopenda joto, na kileo chake huwa kati ya asilimia 8 na 12, wakati bia ya kawaida ya baa zetu ni kama 5. Nilipata kuionja nilipokuwa masomoni Ulaya. Haiwi baridi sana, kwa kuwa baridi huutia ulimi ganzi. Humiminwa kidogo katika glasi yenye tumbo, ikasimama nyeusi kama lami, na povu lake la rangi ya udongo. Kwanza huja harufu ya mkate uliobabuka, kisha kahawa, kisha kakao na molasi. Uchungu huchelewa kufika, na ukishafika hukaa. Mwisho kabisa kileo hupasha kifua joto.

Msomaji ayaangalie maneno hayo: kahawa, kakao, molasi. Ndiyo msamiati rasmi wa waonjaji, na hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachoota Uingereza, ilikozaliwa bia hii. Ni mazao ya mashamba ya watumwa na ya makoloni. Lugha ambayo Mzungu huielezea bia yake mwenyewe amewakopa watu ambao hawakualikwa mezani.

Bia yenyewe asili yake ni London ya mapema karne ya 18, na jina lake la kwanza, pota, lilitokana na wapagazi wa mji ule, waliobeba mizigo bandarini na mitaani. Ilikuwa bia ya watu wa jasho, na iliyokuwa kali kuliko nyingine iliitwa stauti, neno ambalo wakati huo lilimaanisha nguvu tu. Kiwanda cha Henry Thrale huko Southwark kiliipeleka hadi Urusi, ikanywewa katika jumba la Malkia Katarina. Huko ndiko ulikotoka ufalme wa jina lake. Thrale alipofariki mwaka 1781, mmoja wa wasimamizi wa mirathi alikuwa Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, na kiwanda kikauzwa kwa pauni 135,000. Kinywaji cha mpagazi kilikuwa kimekwisha kuwa mtaji wa benki.

Mtaji haukuuamini ulimi. Katika miaka ya 1780 John Richardson aliwafundisha watengenezaji kutumia hidrometa, chombo kinachoelea ndani ya maji ya kimea na kuonyesha ni sukari kiasi gani imetoka. Chombo kikafichua jambo ambalo waonjaji wa vizazi hawakulijua: kimea cha kahawia, kilichoipa pota rangi na ladha yake, kilikuwa na sukari kidogo mno. Kimea cheupe kilikuwa ghali zaidi, lakini kilitoa nyingi zaidi. Hesabu ikashinda, kimea cha kahawia kikapunguzwa, na bia ikapauka. Ili mnywaji asishtuke, wengine walitia sukari iliyounguzwa, na wengine vitu vibaya kuliko hivyo. Bunge likapiga marufuku nyongeza hizo mwaka 1816, na mwaka uliofuata Daniel Wheeler akapata hataza ya kukaanga kimea hadi kiwe cheusi katika pipa la chuma linalozunguka, mfano wa lile la kukaangia kahawa. Kwa hiyo anayesema stauti ina harufu ya kahawa hajakosea hata kidogo. Ladha tunayoiita ya asili ilizaliwa na kipimo, udanganyifu na sheria, kwa mfuatano huo.

Kuna tukio moja katika historia hii ambalo ningependa kila mtumishi wa umma alijue. Tarehe 17 Oktoba 1814, katika kiwanda cha Meux kilichokuwa mtaa wa Tottenham Court Road, karani wa ghala aitwaye George Crick aliona pete moja ya chuma imechomoka kwenye pipa la mbao lenye kimo cha zaidi ya mita sita, lililojaa pota iliyokuwa ikikomazwa. Pete zilikuwa zikichomoka mara mbili tatu kwa mwaka. Akatoa taarifa, akaambiwa hakutakuwa na madhara, aandike tu barua ili lishughulikiwe baadaye. Akaandika. Barua ingali mkononi mwake, pipa likapasuka. Zaidi ya lita 500,000 za bia zilibomoa ukuta na kuingia katika vibanda vya mtaa wa St Giles, walikoishi maskini, wengi wao Wairishi. Walikufa watu wanane, wote wanawake na watoto. Baadhi yao walikuwa wamekaa matanga ya mtoto. Jopo lililochunguza vifo hivyo likaamua kuwa ilikuwa ajali. Kampuni ikaenda Bungeni ikarejeshewa ushuru iliokwisha kuulipia bia iliyomwagika. Wafiwa hawakupata kitu kwa kampuni.

Dola ilijua kwa uhakika kila pipa lilikuwa na bia kiasi gani, kwa sababu ushuru ulitegemea hilo. Uimara wa pete haukuwa na safu katika daftari lake.

Karne ilipokwisha, kipimo kilihamia Dublin. Mwaka 1899 kiwanda cha Guinness kilimwajiri kijana aliyesoma kemia na hisabati Oxford, William Sealy Gosset. Hopu za kutia uchungu zilikuwa zimezoea kuchaguliwa kwa macho na pua, na kiwanda kikubwa kuliko vyote kilitaka namba. Shida ni kwamba majaribio yalikuwa machache: mashamba manne ya shayiri, au vipimo vitano vya kimea. Hisabati ya takwimu ya wakati ule ilitaka mamia. Gosset akatafuta ni kiasi gani mtu anaweza kuamini wastani wa sampuli ndogo, akachapisha jibu mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Mwajiri hakuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, basi akajiita Student, yaani Mwanafunzi. Kila tasnifu ya kilimo, tiba au elimu inayotumia jaribio la t katika vyuo vyetu inakula matunda ya kazi ile, na mara nyingi nimewauliza watahiniwa ni nani huyo Student. Wengi hudhani ni kosa la uchapaji.

Na sisi? Nchini Kenya bia ya chupa ilitengenezwa tangu miaka ya 1920, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua hadi mwaka 1947. Hoja ilikuwa kwamba hawezi kujizuia. Serikali hizo hizo zilimruhusu anywe katika vilabu vya pombe za kienyeji vya halmashauri, na mapato ya vilabu yakaendesha sehemu ya huduma za maeneo yake. Muonjaji asiyeaminika alikuwa mlipaji anayeaminika kabisa.

Hali ya kuwa utamaduni wa kuonja ulikuwepo. Mbege ya Wachaga hutengenezwa kwa ndizi na ulezi, ikatiwa uchungu kwa magome ya msesewe, na mzee anayeijua huweza kusema kwa funda moja ni ya siku ngapi na kama msesewe umezidi. Mwenyeji huonja kwanza ili kutoa sumu, ndipo kata impitie mgeni. Hicho nacho ni kipimo, ila kinampima pia anayekaribisha, jambo ambalo fomu ya alama 50 haina nafasi nalo.

Leo mkulima wa shayiri wa kaskazini mwa Tanzania hupeleka magunia yake yakapimwe unyevu, protini na uotaji, kwa mbinu ambazo ni wajukuu wa zile za Dublin. Jirani yake wa kahawa husubiri waonjaji wanaokoroga vikombe Moshi kabla ya mnada, wakivuta kwa kijiko, wakitema, wakiandika daraja. Bei hufuata daraja. Nimekutana na wakulima waliochuma kahawa miaka arobaini bila kuonyeshwa hata mara moja karatasi iliyoandikwa kuhusu kikombe chao, na wanachokijua kuhusu ladha ya zao lao ni tarakimu iliyo kwenye stakabadhi ya malipo.