Joto Lisilotosha: Sindano, Mvuke na Maji katika Njia ya Kati ya Misafara, Kigwa na Tabora

Insha hii inahusu chombo kinachotajwa kwa nadra katika historia za tiba nchini Tanzania: chungu cha chuma kinachotakasa vifaa kwa mvuke wenye shinikizo, ambacho wahudumu wa afya hukiita otoklevu. Historia za chanjo huandikwa kwa hesabu ya dozi, na historia za magonjwa kwa hesabu ya wafu. Baina ya dozi na mwili wa mgonjwa, hata hivyo, ipo sindano, na sindano hiyo ama ilikuwa safi ama haikuwa safi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika nyanda za Tabora usalama wa sindano haukuamuliwa na elimu ya vijidudu, ambayo ilikwishafika nchini tangu enzi ya Wajerumani. Uliamuliwa na maji, mafuta ya taa na muda wa muuguzi.

Kigwa ni mahali pafaapo kuanzia. Leo ni kata katika Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Katika karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho vya msafara uliotoka pwani kuelekea Unyanyembe. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, siku chache kabla ya kuingia Kazeh mwezi Novemba; Stanley naye alipita mwaka 1871. Waliopita kwa wingi zaidi ni wapagazi wa Kinyamwezi, ambao majina yao hayakuandikwa, na pamoja nao ilipita ndui. Maandishi ya wasafiri yanataja mara kwa mara wagonjwa walioachwa kando ya njia kwa sababu msafara haukuweza kusubiri.

Kinga ya wakati ule nayo ilikuwa na hatari zake. Kuchanja kwa usaha wa mgonjwa kulijulikana katika sehemu mbalimbali za Afrika na Asia. Huko Ulaya, ambako chanjo ya Jenner ilikuwa imekwisha kuenea, bado chanjo ilihamishwa kutoka mkono wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine. Mwaka 1861, katika mji wa Rivalta nchini Italia, makumi ya watoto waliambukizwa kaswende kwa njia hiyo. Msomaji asidhani, basi, kwamba uchafu wa chombo ni tatizo la nchi maskini peke yake.

Chombo chenyewe kina asili ya jikoni. Mwaka 1679 Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, aliunda chungu kilichofungwa barabara kwa ajili ya kulainisha mifupa kwa mvuke, na baadaye akakiwekea vali ya usalama. Miaka 200 baadaye, mwaka 1879, Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur mjini Paris, aliligeuza wazo hilo kuwa otoklevu ya maabara. Mwaka 1881 Robert Koch na wenzake mjini Berlin walionesha kwamba hewa kavu yenye joto kali huhitaji saa nyingi kuua spora za kimeta, ilhali mvuke huziua kwa muda mfupi zaidi. Sababu yake ni rahisi: mvuke unapogusa chuma baridi hugeuka kuwa maji, na katika kugeuka huko huachia joto jingi kwa mara moja.

Koch huyohuyo alikaa Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya mwaka 1897 na 1898, akichunguza malaria na tauni. Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba elimu ya mvuke ilichelewa kufika. Kilichochelewa ni chuma. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban kilo 30, na otoklevu ya hospitali si mzigo wa kichwani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikamaliza tatizo hilo kwa mji. Kwa vijiji vilivyokuwa mbali na stesheni, hali ilibaki kama ilivyokuwa.

Hapo ndipo kipindi chenye utata kinapoanza. Katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, kampeni dhidi ya buba zilitumia sindano za dawa za bismathi, na vidonda vilivyodumu miaka vilikauka kwa siku chache. Watu walizikimbilia sindano hizo. Heshima ambayo neno “sindano” linayo hadi leo katika zahanati zetu, ambako mgonjwa huona hajatibiwa kama hajachomwa, kwa sehemu kubwa ilizaliwa wakati huo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali pia iliwahamisha watu wa Jimbo la Magharibi na kuwakusanya katika makazi ya kujikinga na malale, na tiba ya malale nayo ilikuwa ya sindano. Watu wengi walichomwa kwa muda mfupi kwa sindano chache. Njia ya kawaida ya kusafisha sindano katika kazi za vijijini ilikuwa kuchemsha.

Kuchemsha kunastahili kuangaliwa kwa makini. Maji yakichemka vizuri, na vifaa vikizama humo kwa muda wa kutosha, virusi vingi hufa. Spora za pepopunda hazifi. Tena Tabora ipo takriban meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hutokota kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Bwana afya aliyefundishwa kazi Dar es Salaam akapelekwa Tabora aliona mapovu yaleyale, lakini joto halikuwa lilelile. Tofauti ni ndogo; hata hivyo ilimpunguzia kinga mtu ambaye tayari alikuwa akibana dakika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kuni zilikuwa zikiisha.

Madhara ya kampeni za aina hii yamethibitishwa vizuri zaidi nchini Misri, ambako kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mamilioni ya sindano za kutibu kichocho zilitolewa kwa mabomba yaliyotumika tena bila kutakaswa ipasavyo. Homa ya ini aina ya C ilienea vijijini kwa kiwango ambacho kizazi kizima kilikuja kukilipia. Ulinganisho huu hautoshi kusema kwamba jambo hilohilo lilitokea Unyanyembe. Unatosha kuonesha kwamba kampeni inaweza kufaulu dhidi ya ugonjwa inaoulenga na wakati huohuo ikapanda ugonjwa mwingine usioonekana kwa miaka 20.

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, wakati serikali ilipokuwa ikiongeza zahanati vijijini. Katika muongo uliofuata, tishio la UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, lilifanya suala la sindano liwe la dharura. Jibu la mashirika ya kimataifa lilikuwa kurudi kwa Papin: sufuria ya presha, yenye trei za kupangia mabomba na sindano, inayopashwa moto juu ya jiko la mafuta ya taa. Kanuni ilikuwa nyuzi 121 hadi 126 kwa dakika 20. Hewa ilipaswa kutolewa kwanza, kwa kuacha mvuke utoke kwa nguvu kabla ya kuanza kuhesabu, maana hewa iliyobaki ndani huzuia joto kufika kila mahali. Karatasi ndogo inayobadilika rangi ilionesha kama joto na muda vimetosha.

Mwandishi anakiona chombo hiki kuwa cha busara kuliko vingi vilivyoletwa vijijini: hakikuhitaji umeme, na aliyezoea jiko aliweza kukielewa. Udhaifu wake ulikuwa katika vitu vilivyokizunguka. Maji yenye chumvichumvi huacha utando mgumu ndani ya sindano. Mpira wa mfuniko ukipasuka, presha haipandi. Vali ikipangwa kwa kipimo cha pwani, joto la ndani hapa Tabora hupungua kwa takriban nyuzi mbili, na fidia yake ni kuongeza dakika, yaani kuongeza mafuta. Na mwezi Oktoba, visima vinapokauka, muuguzi anayeweka maji safi ndani ya sufuria ameyatoa kwa mzazi anayesubiri kujifungua. Uchaguzi huo haukuandikwa katika daftari lolote la chanjo.

Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA zilitoa tamko la pamoja kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2003 chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga baada ya matumizi ya mara moja. Mabomba hayo yaliondoa kosa la kutakasa nusunusu, na hakuna sababu ya kuyatamani ya zamani. Lakini kazi ya moto haikuisha. Bomba lililotumika hutupwa katika kasha gumu, na kasha hilo lazima lichomwe. Ambako tanuri halifanyi kazi, shimo la nyuma ya zahanati hupokea kile ambacho zamani kilirudi kwenye sufuria.

Aidha, zahanati haichanji tu. Huzalisha. Mkasi wa kukatia kitovu, koleo za kubania na sindano ya kushonea haviji katika kasha la chanjo, na spora za pepopunda zimo katika udongo wa Kigwa kama zilivyo katika udongo wowote. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati. Katika mafuriko ya mabomba ya kutupwa, jiko na sufuria ya mvuke vilikwisha kuonekana kuwa masalia ya mpango wa chanjo, ilhali chumba cha kuzalia ndicho kilichovihitaji zaidi, na bado kinavihitaji kila usiku mzazi anapofika na maji yamebaki ndoo moja.