Dun Emer Haikuwa ya Mshairi

Katika maandishi mengi juu ya W. B. Yeats, kiwanda cha chapa cha Dun Emer hutajwa kana kwamba kilikuwa chake: mshairi alitaka vitabu vizuri, dada zake wakamchapia. Dai hilo limerudiwa mno hata likazoeleka, lakini vitabu vyenyewe vinalikana. Tazama maelezo yanayofunga kitabu cha kwanza, *In the Seven Woods*. Yanamtaja Elizabeth Corbet Yeats, dada wa mshairi, kuwa ndiye mchapishaji, yanasema karatasi ilitengenezwa Ayalandi, na kwamba kazi ilifanyika nyumbani kwa Evelyn Gleeson, Dundrum, karibu na Dublin, ikamalizika tarehe 16 Julai 1903. Watafiti hunukuu mashairi, ukurasa huu wakauruka.

Gleeson ndiye anayedhulumiwa zaidi. Alisomea uchoraji wa nakshi za mazulia London, na mwaka 1902 akapata nyumba Dundrum akaiita Dun Emer kwa jina la Emer, mke wa Cúchulainn, shujaa wa hadithi za Kiayalandi, aliyesifika kwa kazi ya sindano. Rafiki yake Augustine Henry, mtaalamu wa mimea, alimkopesha pauni 500. Gleeson alishika ufumaji. Lily Yeats, dada mwingine wa mshairi, aliyekuwa amefanya kazi miaka sita chini ya mdarizi May Morris, alishika udarizi. Elizabeth alijifunza uchapaji London kwa muda mfupi, kisha akaanza na mashine kuukuu ya mkono. Wasichana wa jirani walifundishwa kupanga herufi, kufuma na kudarizi, pamoja na kuchora na lugha ya Kiayalandi. Mabango ya kanisa kuu la Loughrea yalidariziwa na mikono hiyohiyo.

Mwaka 1904 kazi ikagawanywa kati ya Gleeson na akina dada Yeats, na 1908 akina dada hao wakahamia Churchtown wakaanzisha kiwanda cha Cuala. Wapo wanaoeleza utengano huo kuwa ni wanawake wameshindwa kupatana. Maelezo hayo ni mepesi mno. Kulikuwa na madeni, na swali la nani ayabebe; washirika wa kiume wanapoachana kwa sababu hiyo hakuna anayesema habari za tabia zao. Mzozo wenye uzito zaidi ni ule wa 1906, Elizabeth alipokubali kitabu cha mwandishi George Russell bila idhini ya kaka yake aliyekuwa mhariri. Yeats alikasirika sana. Kama kiwanda kingekuwa chake, asingekuwa na haja ya kugombea neno la mwisho.

Katika sanaa ya vioo vya rangi mambo ni yaleyale: wanawake husahauliwa. Sarah Purser alianzisha karakana ya vioo ya An Túr Gloine mwaka 1903, na humo akakua Wilhelmina Geddes, ambaye dirisha lake kubwa la duara liliwekwa katika kanisa kuu la Ypres, Ubelgiji, mwaka 1938. Kwenye kanisa dogo la Honan, Cork, sifa zote humwendea Harry Clarke kwa madirisha yake 11, ilhali Catherine O'Brien na Ethel Rhind nao wana madirisha yao humohumo.

Yeats alifariki 1939, Elizabeth 1940, na Cuala ikaendelea kuchapa vitabu hadi 1946. Makumbusho na maktaba zenye kazi hizi ziandike Gleeson, Lily na Elizabeth kuwa waanzilishi, na Beatrice Cassidy na Esther Ryan, wasichana wa chumba cha chapa, kuwa mafundi kwa majina yao kamili.